Kisiki cha Ng'ambo

Alhamisi, katikati ya Rajabu. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika alasiri. Kifua kizito.

Kile kivuli kilicho ukingoni mwa maji, upande wa kushoto wa picha yangu ya jioni, si kisiki. Nimewaambia watu wote kuwa ni kisiki. Nimemwambia hata mke wangu, aliyezaliwa pale pale na anayekijua kila kijiti cha pale. Nimelificha jambo hili miaka yote tangu jioni ile, hapa Kindu. Sasa nguvu za kuficha zimekwisha, kama zilivyokwisha za kutembea.

Naandika nimeegemea mto, ubao magotini. Hati yangu imekuwa mbaya. Zamani ilisifiwa Unguja nzima.

Asubuhi, mvua ikiwa bado inanyesha, Mzungu mkubwa wa kituo alikuja kuniona. Amepata sanduku la picha kutoka kwao, jepesi kuliko langu, na askari wake walimwambia kwamba huku kwa Waungwana, Waislamu wa mji, kuna mzee anayejua kazi hiyo. Akaingia na viatu vyenye matope, akasimama mbele ya picha iliyo ukutani. Maji yalimdondoka kwenye ukingo wa kofia mpaka yakafanya kidimbwi juu ya mkeka.

Kiswahili chake ni cha kambini. Alitaka kujua nimefanyaje mpaka mawingu yakaonekana. Yeye kila akipiga picha ya mto, mbingu inatoka nyeupe tupu, kama sahani.

Nikaketi. Tangu mwezi ulipoandama sijaweza kuketi bila kushikwa, lakini leo niliketi mwenyewe.

Nikamweleza kwamba kioo cha kupigia picha hakioni kama jicho. Buluu ya mbinguni, kwake ni nyeupe. Wekundu, kwake ni giza. Ndiyo maana mchana wingu jeupe na mbingu ya buluu vinakuwa kitu kimoja, kioo kinaungua, hakibaki kitu. Ngoja jua lishuke. Buluu inapungua, manjano na wekundu vinatawala, kioo kinaanza kuona kwa shida, na katika shida hiyo ndipo mawingu yanapata umbo. Basi inabidi jicho la sanduku uliache wazi muda mrefu. Nikamwambia pia asiuweke mstari wa ng'ambo katikati ya picha. Aushushe, mbingu ipewe nafasi kubwa, na maji yaachiwe kazi ya kuirudisha mara ya pili. Akasikiliza kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Sikumwambia kwamba kazi kubwa ya zile pembe nne za picha ni kuacha vitu nje.

Nilifurahi kueleza. Naliandika hili kwa sababu linanichukiza. Kifua kilifunguka, sauti ikarudi, nikawa kijana tena kwa kuzungumza habari za ile jioni.

"Iko muzuri sana," akasema. "Maji mingi, mbingu mingi, hakuna muntu hata moja. Inchi yote kimya." Kisha akaweka kidole juu ya kile kivuli. "Na hii njo nini?"

"Kisiki, bwana."

Zaina, mke wangu, alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Akacheka.

"Pale hakukuwa kisiki, Mwalimu. Nimekuambia tangu zamani. Mimi njo muntu wa pale."

Mzungu naye akacheka, akasema mama anajua kuliko mzee. Ni utani wetu wa siku nyingi, Zaina na mimi. Kila mgeni akija, mimi nasema kisiki, yeye anasema hapana, wageni wanacheka. Nimeishi ndani ya utani huo kama mtu anayelala juu ya jiwe na kusema ni mto.

Halafu Mzungu akaomba picha. Anarudi kwao, anataka kuwaonyesha watu wake jinsi nchi hii ilivyo tulivu. Zaina ndiye aliyeweka bakuli chini na kujifuta mikono kwa leso.

"Hii haitoki, Bwana mukubwa. Hii njo kwetu. Pale leo ni pori tu, hata jiwe la jiko hakuna. Ndugu yangu akirudi ataniuliza, dada, kwetu kuko wapi? Nitamuonyesha nini?"

Mzungu akaniangalia mimi, akidhani mwanamume ndiye atakayeamua. Nikasema picha ni ya mke wangu. Hilo angalau lilikuwa kweli. Akaaga kwa heshima, akaondoka na matope yake.

Na mimi nikalala tena, nikaelekea ukutani, ili nisimwone Zaina akifuta vumbi kwenye fremu.

Ndugu yake aliitwa Kalonda. Nasema aliitwa. Zaina hasemi hivyo, anasema anaitwa. Siku kijiji chao kilipochomwa, watu walichukuliwa, wengine wakakimbilia msituni, na Kalonda hakuonekana tena. Kila msafara unaoingia, kutoka Nyangwe au Kasongo au kokote, Zaina huenda mpaka kwa wapagazi na kuwauliza kama wamemwona mtu mrefu, mwenye kovu kwenye kidevu. Hakuna aliyemwona. Yeye hurudi akiwa na matumaini kuliko alivyokwenda, maana wasiomwona hawakumwona pia kwenye kamba za mateka.

Matanga hakukubali yawekwe. Leo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na baada ya magharibi majirani watakaa kuwaombea marehemu wao. Zaina huwataja wake kwa sauti: mama yake, baba yake, mtoto wetu aliyeishi siku chache. Kalonda hamtaji. Shehe wetu alimshauri amtaje, kwa tahadhari tu. Akamjibu kwamba hasomei mtu aliye hai.

Na ushahidi wake ni picha yangu. Humwambia kila anayebisha: jioni ile ile ya moto, Mwalimu alikuwa pale na sanduku lake. Tazama ufuko. Kuna mtu? Hakuna. Basi Kalonda alikuwa amekwisha kimbia.

Mimi ndiye niliyemkabidhi ushahidi huo. Niliurudisha nyumbani, nikauosha kwa dawa, nikauanika, nikautia fremu ya mninga.

Kazi ya picha nilijifunza Unguja kwa Mgoa mmoja mwenye duka karibu na forodha. Nilikuwa nimekwisha maliza vitabu vyangu, nikajulikana kwa hati nzuri, lakini nilipoingia katika chumba chake cha giza na kuona uso wa mtu unatokea kwenye kioo ndani ya maji, kalamu ikaniwia baridi. Mgoa alikuwa na maneno makali. Aliniambia kwamba mbingu na maji havikai katika kioo kimoja. Ukitaka kimojawapo, utapoteza kingine. Alisema hivyo kwa namna ya kufunga mlango, kana kwamba mimi nisingefika hata hapo.

Tajiri mmoja wa bara aliponitaka niwe karani wake, nilikubali kwa sharti la kubebewa sanduku na vioo. Nikaja huku. Nikaoa huku. Miaka ikapita, na kila jioni yenye mawingu nikashindwa. Mbingu ikaja, mto ukawa wino. Mto ukaja, mbingu ikaungua.

Kalonda alinipenda tangu siku ya harusi. Alikuwa na mdomo. Aliponiona mara ya kwanza nimejifunika kitambaa cheusi aliwaita wenzake waje kumtazama mbuzi aliyenasa kichwa ndani ya chungu. Alitaka picha yake, nikampiga, lakini alishindwa kuzuia kicheko. Picha ilitoka na mwili bila kichwa, palipo na kichwa pana ukungu. Alishtuka sana. Nikamweleza kwamba kioo kinamkumbuka anayetulia tu. Anayetikisika anafutika. Anayetembea ni kama hakuwapo.

"Kwa hiyo, shemeji," akasema, "ukitaka kunipoteza, unifanye nitembee."

Tukacheka wote wawili.

Sasa ile jioni.

Kijiji cha kina Zaina kilikuwa kimegoma kupeleka chakula kwa watu wa tajiri. Asubuhi, mimi nikiwa huku Kindu, nilisikia bunduki ng'ambo na nikaona moshi. Zaina alilia siku nzima akitaka kuvuka, majirani wakamzuia. Alasiri tajiri aliniita nivuke na sanduku. Alitaka picha ya mto na gati lake, aipeleke pwani kwa washirika wake, waone kwamba njia iko salama. Zaina alinishika kanzu mlangoni. Akaniambia nimtafute Kalonda. Nikamwapia.

Tajiri alinipokea ukingoni kwa upole. Naandika kwa upole kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliniambia, "Mwalimu, hawa ni watu wa mkeo. Ukimwona aliye wako, sema tu, ataachwa hapo hapo."

Neno moja. Hakutaka zaidi ya hilo.

Nikapanda kidogo juu ya ukingo, nikasimamisha miguu mitatu ya sanduku, nikageuka kuitazama mbingu ya upande wa Kindu, nikasahau nilichojia.

Mvua ilikuwa imepita kama leo. Mawingu yalikuwa yamepasuka juu ya miti, na jua limeshuka nyuma yake. Moshi wa kijiji ulikuwa umetanda juu ya mto, mwembamba, na kila aliyefanya kazi hii anajua moshi unavyouzidisha wekundu. Chini kabisa palikuwa na rangi ya papai lililoiva. Juu yake rangi ya sinia la shaba. Juu zaidi zambarau, na katikati ya zambarau mpasuko mmoja mdogo wa kijani, kijani cha ndimu, ambao sijauona tena maishani. Mto wote uliyapokea hayo bila kutikisika. Mbingu na maji vilikuwa na mwanga sawa. Vingekaa katika kioo kimoja.

Uzuri ule ulitoka katika nyumba za wakwe zangu. Nilijua. Nilijua wakati ule ule, si baadaye.

Nikajifunika kitambaa. Ndani ya sanduku dunia huonekana kichwa chini, miguu juu, nasi wapiga picha tunazoea. Nikaona mbingu iko chini kama zulia, mto juu yake, na juu kabisa watu wanatembea vichwa vikining'inia, wamefungwa kamba shingoni, wakielekea mitumbwini. Nikamtambua Kalonda akiwa amepinduka hivyo. Namna yake ya kutembea, mabega nyuma. Nikaligeuza sanduku kidogo kuelekea kulia ili mstari wa watu ubaki pembeni. Wale wachache ambao wangepita mbele ya jicho hawakunisumbua. Walikuwa wanatembea.

Nikatia kioo. Nikafunua jicho.

Mgoa alipima muda kwa saa. Mimi saa yangu iliharibika njiani, nikawa napima kwa Fatiha. Mchana haifiki hata mwanzo wake. Jioni husomwa, ikarudiwa, ikarudiwa tena, polepole, kwa kituo, mpaka kioo kishibe. Nilikuwa nimesimama kando ya sanduku, kifuniko mkononi, nikisoma.

Mstari ukapita. Kalonda alipofika ukingoni mwa maji, akaniona. Akaliona na sanduku, akaona kifuniko kiko mkononi mwangu.

Akasimama.

Kamba ikamvuta aliyekuwa mbele yake, yule naye akasita, mnyapara akapiga kelele. Kalonda hakutikisika. Mabega nyuma, mikono imefungwa, uso wote kwangu. Hakucheka safari hii. Niliwahi kujidanganya kwamba alikuwa ananiomba msaada, na pengine alikuwa anaomba. Lakini mtu anayeomba hupiga magoti, hunyoosha shingo, huhangaika. Yeye alitulia kama nilivyomfundisha. Alikuwa anajitia katika kioo. Alitaka dada yake amwone.

Ni kwa sababu hiyo kivuli kipo. Wengine wote walifutika. Chake kilibaki, si kizito, unaweza kuona maji nyuma yake, lakini kimebaki. Zaina amekuwa akimtazama ndugu yake kila siku ya Mungu, akimpangusa vumbi, akisema, pale hakukuwa kisiki.

Usiku ule niliporudi nilimwambia kwamba nilipofika ufuko ulikuwa mtupu.

Ndani ya nafsi yangu nimekuwa na majibu mengine ya kwa nini sikulisema lile neno moja. La kwanza ni kwamba nilimwogopa tajiri. Ni jibu zuri, watu wangelikubali, na yeye amekwisha kufa katika vita na hawezi kukanusha. Lakini tajiri alikuwa amekwisha niruhusu. La pili nililipenda zaidi, maana lina harufu ya dini: kwamba nilikuwa katikati ya sura, na sura haikatwi. Nimeliegemea jibu hilo miaka mingi. Nimelifundishia hata adabu watoto wa chuo, kwamba msomaji hakatizwi. Halafu kila niliposimama kusali nikaona kwamba nasoma ile ile niliyoisoma pale, na kwamba sikuwa namsomea Mungu. Nilikuwa napima mwanga.

Picha ilitoka. Nilipoiona ndani ya dawa nililia kwa furaha, na baada ya furaha nikaona kivuli. Nilitaka kumpelekea Mgoa. Nikapata habari kwamba alikwisha kufa. Basi hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimeweza, isipokuwa Mzungu wa leo mwenye matope.

Na rangi zote zile hazimo. Karatasi ni ya hudhurungi tu. Mimi peke yangu ndiye ninayezijua, wingu kwa wingu, na nikifa zitakwisha. Naweza kukuambia mpasuko wa kijani ulianzia wapi na ulimalizikia wapi. Nguo aliyovaa Kalonda siijui. Nimejaribu. Sijui kama ilikuwa nyeupe au ya kaniki, sijui kama alikuwa na damu. Nilikuwa natazama juu ya kichwa chake.

Nje mbingu imeanza tena. Naiona kwa mlango. Papai, shaba. Nimemwita Zaina afunge mlango, akaniuliza iko nini, Mwalimu, unapenda jioni. Nikamwambia leo sipendi. Akaufunga, akasema atawasha taa na kuleta uji mwingine, ule wa asubuhi umeganda.

Atakapokuja nitamwomba aishushe picha kutoka ukutani na kuiweka mapajani. Majirani bado hawajaanza kusoma. Anayo nafasi ya kumtaja ndugu yake leo, akitaka. Anaweza pia kuniacha hapa na uji wangu akaenda kulala kwa jirani, na nitakufa wiki hii au ijayo bila mtu wa kunigeuza kitandani. Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Nimeliogopa kuliko kaburi. Lakini akinizika kwa heshima kisha akaendelea kuwauliza wapagazi habari za mtu mwenye kovu kwenye kidevu, nitakuwa nimemfanya atembee mpaka afutike na yeye.

Sitaanza na tajiri. Sitaanza na Fatiha. Nikianza na hayo nitapata huruma yake, na nikishaipata sitafika mwisho.

Nitaanza na mnyapara, aliyemwona Kalonda amesimama ananitazama, akageuka, akaniita kutoka ukingoni, bila ukali wowote, "Mwalimu, huyu ni wako?"

Nilimsikia vizuri. Kinywa changu kilikuwa kinasoma, lakini mkono wa kushoto ulikuwa mtupu. Niliuinua, nikauzungusha upande wa mitumbwi, mara mbili, kama mtu anayefukuza kuku, kumwashiria Kalonda asogee, kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya mwanga.